Macomber Alishindwa Usiku, si Mbele ya Simba

Kuna hadithi fupi ya Kimarekani ambayo siku hizi imegeuzwa mawaidha ya ndoa. Nimekutana nayo zaidi ya mara moja katika video fupi za Kiswahili, zile za msemaji anayeketi mbele ya taa ya duara akiwafundisha vijana namna ya kuwa wanaume. Husimuliwa hivi: tajiri mmoja alikuja Afrika kuwinda pamoja na mkewe mzuri, akamkimbia simba mke akiona, usiku ule mke akahamia kwenye hema la mwindaji, na kesho yake, walipokuwa wakiwinda nyati, bwana yule alipopata ujasiri, mke akampiga risasi ya kisogo. Kisha linakuja funzo: mwanamke akiona hofu yako siku moja tu umekwisha, kwa hiyo mume asimwonyeshe mkewe hofu hata chembe. Hadithi yenyewe ni ya Ernest Hemingway. Ilitoka katika jarida la Cosmopolitan mwezi Septemba 1936, na Septemba 2026 inatimiza miaka 90. Kwa Kiswahili tungeweza kuiita Maisha Mafupi ya Furaha ya Francis Macomber. Nimeisoma mara nyingi, na naamini inasema kinyume cha funzo hilo. Kilichomharibia Macomber si mbio zake mbele ya simba. Alikwisha kuharibikiwa usiku wa kuamkia siku ile, alipolala macho wazi karibu na mkewe, roho juu, na hana wa kumwambia.

Tuanze na asili ya kisa. Hemingway alitua Mombasa Desemba 1933 akiwa na mkewe wa pili, Pauline, na rafiki yao mmoja. Wakapitia Machakos, kwenye shamba la mwindaji Philip Percival, kisha wakaingia Tanganyika. Januari 1934 akashikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akasafirishwa kwa ndege ndogo hadi Nairobi kutibiwa, halafu akarudi porini. Percival alikuwa mwindaji wa zamani, mmoja wa waliomwongoza Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, mwaka 1909, na alikuwa na visa vingi vya wazungu waliokuja kujipima nguvu katika nchi hii. Kimojawapo, wanavyokubali wachambuzi wengi, ni kile cha mwaka 1908 kilichomhusu J. H. Patterson, yule aliyewaua simba wala watu wa Tsavo: Mwingereza aliyekuwa akisafiri naye alikufa kwa risasi ndani ya hema, ikasemwa kuwa amejiua, na Patterson akaendelea na safari pamoja na mjane. Minong'ono haikuisha. Kwa hiyo mbegu ya hadithi hii ilipandwa huku kwetu, na mashahidi wake wa kwanza walikuwa wapagazi na wapishi wasioandikwa majina.

Sasa usiku wenyewe. Macomber ana miaka 35, mrefu, mwenye afya, hodari wa michezo ya kiwanjani, na amekuwa na Margot katika ndoa kwa miaka 11. Simba ananguruma huko juu, kando ya mto. Ni ngurumo nzito, na mwishoni zinakuja kama kikohozi, hata mtu aliye hemani anadhani mnyama yuko nje ya turubai. Macomber anaamka na kuogopa. Anasikia mkewe akipumua taratibu usingizini. Mwandishi anasema wazi kwamba hapakuwa na mtu wa kumwambia kuwa anaogopa, wala wa kuogopa pamoja naye. Anaongeza kuwa Macomber hakuijua methali ya Kisomali, kwamba shujaa hutishwa na simba mara tatu: aonapo nyayo zake, asikiapo ngurumo yake, na akutanapo naye ana kwa ana. Wasomali wanakubali kuwa hofu ni sehemu ya ushujaa, wameihesabu kabisa na kuipa idadi. Macomber anadhani yake ni ugonjwa wa peke yake, na kwa kuwa ni ugonjwa wa aibu, anaufunika.

Kukipambazuka kunatokea jambo ambalo wasemaji wa video hawalitaji kamwe. Margot anaona kuwa mumewe hana raha. Anamuuliza ana nini. Anajibu, hana kitu. Anamuuliza tena, naye anasingizia kelele za simba. Mwisho mke anauliza moja kwa moja kama anaogopa, na mume anakana: la, ni ile ngurumo tu iliyomkesha. Nakubali kwamba Margot hakuuliza kwa upole. Alikwisha kumwambia kuwa si ndiyo kazi iliyomleta huku, amuue simba mambo yaishe. Swali lililoulizwa namna ile halimrahisishii mtu jibu. Lakini swali lilitolewa, na likajibiwa kwa uongo. Saa chache baadaye simba aliyejeruhiwa anachomoka kwenye majani marefu, na Macomber anajikuta anakimbilia mtoni kama kichaa. Miguu ilitoa jibu ambalo kinywa kilikataa kulitoa asubuhi.

Inafaa tuwape wenye funzo lile haki yao, maana hawakulitoa hewani. Ni kweli Margot hamsamehi. Garini anainama na kumbusu mwindaji, Robert Wilson, mdomoni, mumewe ameketi palepale. Usiku anatoka hemani, na anaporudi anadai alikwenda kupunga upepo. Mume anapolalamika kuwa mke anadhani atavumilia chochote, mke anamjibu kuwa anajua kabisa atavumilia. Maneno hayo yanachoma kuliko risasi. Ni kweli pia kwamba Hemingway mwenyewe aliwahi kumwambia mwandishi wa habari, mwaka 1953, kuwa mke alimuua mumewe kwa kumwogopa alipopata ujasiri. Tena mtu angeweza kuwaongezea ushahidi wa kwetu. Fumo Liongo, aliyeshindwa kuuawa na majeshi, aliuawa baada ya kumweleza mwanawe siri yake, sindano ya shaba ya kitovu, na yule mtoto akaitumia kwa ahadi ya kuozwa binti wa mfalme. Si hapo tunaonywa kuwa mwanamume akifunua udhaifu wake nyumbani amejichimbia kaburi?

Nadhani hapana. Tangu utenzi wa Liongo uimbwe, aibu yote ya kisa kile tumemtwisha mtoto na mfalme aliyemtuma. Sijasikia mzee wa pwani akimlaumu Liongo kwa kuzungumza na mwanawe. Tunamkumbuka amepiga goti kisimani, amekufa na upinde mkononi, na mji mzima unaogopa kwenda kuteka maji. Tena Liongo alisema, akasalitiwa. Macomber hakusema, na bado akapoteza kila kitu. Mtu anayesema Macomber aliponzwa na kuonyesha hofu hajasoma mpangilio wa matukio: aliificha kwanza, ikafichuka baadaye. Angemwambia mkewe alfajiri kuwa usiku kucha ametetemeka, pengine angedharauliwa. Pengine angecheka naye. Hatujui, kwa sababu hakujaribu, na ndoa ya miaka 11 ambayo mtu hawezi kujaribu sentensi moja ilikuwa imekwisha oza kabla simba hajanguruma. Mwandishi anatueleza ilioza wapi: Margot alikuwa mzuri mno kiasi kwamba Macomber asingeweza kumwacha, na Macomber alikuwa na pesa nyingi mno kiasi kwamba Margot asingeweza kuondoka. Kila mmoja amefungwa kwa hofu ya kupoteza kitu alicho nacho mwenzake. Hiyo ndiyo hofu kubwa ya hadithi hii, nayo haina manyoya wala meno.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni hukumu yenyewe, kwamba Margot aliua kwa makusudi na kwamba jambo hilo limethibitishwa. Limethibitishwa na nani? Msimulizi anasema bila kuzunguka kwamba Margot alimfyatulia risasi nyati, kwa bunduki ya Mannlicher ya 6.5, nyati alipoonekana anakaribia kumchoma Macomber pembe, na risasi ikampata mumewe kwenye kisogo. Anayemwita muuaji ni Wilson peke yake. Hemingway naye, mwaka 1959, alipoandika kuhusu ufundi wa hadithi fupi, alisema hajui kama mwanamke yule alikusudia, kama wewe msomaji usivyojua. Mwandishi anayejipinga mwenyewe hawezi kuwa hakimu wa kesi yake. Wachambuzi wa mwanzo karibu wote walimfuata Wilson, hadi mwaka 1955 Warren Beck alipouliza swali lililopaswa kuulizwa mapema: kwa nini tunamwamini huyu bwana?

Nami nauliza hivyo hivyo, kwa sababu Wilson ana shauri lake. Asubuhi ile ile amewakimbiza nyati kwa gari, jambo lililokatazwa. Margot, aliyekuwa ndani ya gari, anamuuliza ingekuwaje Nairobi wakisikia. Wilson anakiri kuwa angenyang'anywa leseni, kazi ingekwisha. Macomber anatabasamu na kusema kuwa sasa mwanamke ana kitu cha kumshikia Wilson. Nusu saa haipiti, mume amelala kifudifudi kwenye majani, na Wilson anamwambia mjane kuwa yule bwana angemwacha, anamuuliza kwa nini hakutumia sumu, anamkandamiza mpaka anaomba basi, tafadhali. Neno tafadhali likitoka, ananyamaza. Hasira yake imekwisha, na kwa faida yake. Mwanamke aliyekuwa na siri ya kumfunga kazi sasa anamhitaji yeye kama shahidi. Mwindaji huyu, anayechukuliwa kuwa kipimo cha ujasiri katika hadithi nzima, ndiye mwenye hofu ya leseni, na hofu hiyo inamfanya awe mkatili. Kumfanya mtu huyo kuwa mwalimu wa vijana wetu ni kosa la kusoma, na nalichukulia kwa uzito kwa sababu kuna vijana wanaosikiliza.

Wilson ana hata kauli yake ya ujasiri, anayoipenda mno kiasi kwamba anaona haya kuitamka: mtu hufa mara moja tu, kifo ni deni kwa Mungu, na anayelipa mwaka huu hadaiwi mwakani. Maneno mazuri. Ni ya Shakespeare, yamo katika sehemu ya pili ya mchezo wa Mfalme Henry wa Nne. Lakini tazama anayeyasema. Pale jukwaani wanaandikishwa askari. Wenye miili na vifua wanatoa rushwa ili waachwe. Anayekubali kwenda bila kuhonga ni fundi cherehani wa nguo za wanawake, kijitu dhaifu ambaye hata jina lake, Feeble, maana yake ni dhaifu, na ambaye kila mtu pale anamcheka. Kwa hiyo kauli inayobebwa na mwindaji mwenye bunduki kubwa kama kiapo cha wanaume ilitoka kinywani mwa mtu ambaye wanaume wale wasingemkaribisha mezani. Sijui kwa nini jambo hili halisemwi zaidi. Linapindua kipimo chote cha nani ni nani.

Upande wa pili wako wanaosema tusihangaike nayo hata kidogo: ni hadithi ya mkoloni, Mwafrika ndani yake ni mtumishi asiye na sauti, na mwanamke ni nyoka. Hoja hii ina nguvu kuliko ile ya kwanza, na nusu yake naikubali. Kuna mahali kijana wa mezani anamtazama Macomber kwa udadisi, maana kambi nzima imekwisha kujua, na Wilson anamkemea kwa Kiswahili. Macomber anauliza amemwambia nini. Wilson anajibu kwamba amemwambia achangamke, asije akachapwa viboko 15. Anaeleza kuwa sheria haimruhusu, angepaswa kuwatoza faini, ila watumishi wenyewe wanapendelea viboko kuliko kukatwa mshahara. Msomaji wa Kiswahili hawezi kupita hapo haraka. Yule kijana alikuwa na hofu pia, hofu ya kila siku, isiyohesabiwa na methali yoyote, na hakuna aliyemwandikia hadithi.

Lakini kuitupa hadithi ni kuutupa pia ushahidi uliomo. Simba amejeruhiwa, ameingia kwenye majani, na Macomber anatafuta njia ya kutoingia. Anapendekeza wapelekwe watu wakamswage. Wilson anakataa, hayo yangekuwa mauaji. Anapendekeza simba aachwe. Haiwezekani, atajeruhi mtu mwingine. Anauliza pia kuhusu wabeba bunduki, na Wilson anajibu kuwa wao watakwenda, ni shauri lao, wameandikishwa kwa kazi hiyo. Neno shauri limo mlemle katika Kiingereza cha Hemingway. Kisha wanaingia, na anayetangulia ni Kongoni, mbeba bunduki mzee, ameinamisha macho kwenye matone ya damu. Mwenye kufuata damu hawezi kuangalia mbele. Anaitoa shingo yake na kuamini kuwa walio nyuma wataangalia kwa niaba yake. Wilson alikwisha kusema kuwa nyuso zao hazikuonyesha furaha. Waliogopa, wakaenda. Macomber alipokimbia, anasimulia mwandishi, watu weusi wawili na mweupe mmoja walimtazama kwa dharau. Na walipofika kambini, mpishi, watumishi wa hema, mchuna ngozi na wapagazi walimbeba juujuu kama bingwa, ila wabeba bunduki hawakushiriki. Huko kukaa pembeni ndiko tendo la heshima kuliko yote katika kurasa zile. Hawakumzomea. Walikataa tu kubeba uongo.

Mjomba wangu alifanya kazi ya kufuata nyayo katika vitalu vya uwindaji kusini mwa Tanzania, na ndiye aliyenifundisha kusoma ukurasa ule. Alitembea na kijifuko cha majivu, akikitikisa kila baada ya hatua chache aone upepo unakwenda wapi. Alisema mbogo aliyejeruhiwa hakimbii moja kwa moja: huzunguka, hurudi, husimama kando ya nyayo zake mwenyewe akikungoja upite. Nilipomuuliza kama aliwahi kuogopa alinishangaa. Asiyeogopa mbogo, alisema, hakai kazini mwaka, maana hatazami. Jioni, mkewe akishamwekea maji ya kuoga, nilikuwa nikimsikia akimwambia, "Mama Salehe, leo niliogopa sana." Naye huuliza, "Uliogopa nini, baba Salehe?" na mazungumzo yanaendelea mpaka chakula. Hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Wilson asingekubali. Macomber, baada ya kuwapiga nyati watatu, amejaa furaha ambayo hajawahi kuijua, anataka kuizungumza, na Wilson anamzuia: haifai kuyasema mno mambo haya, ukiyasema yanakwisha. Hapo ndipo somo la kunyamaza linapotolewa rasmi, na wasemaji wa leo wamelipokea bila kujua lilikotoka. Kauli hiyo haina ushahidi ndani ya hadithi. Mchana wa jana yake Macomber alikuwa amemkiri Wilson kwamba alikimbia kama sungura, akaomba radhi bila kujitetea, na palepale Wilson, aliyekuwa anataka kuvunja safari, alianza kumpenda. Kila Macomber anaposema kweli kuhusu hofu yake, kitu kinafunguka. Bahati mbaya anaisema kwa mgeni aliyemlipa, na si kwa mtu aliyelala naye hema moja.

Lugha yetu ina methali ambayo Hemingway angeitamani: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walioitunga walikuwa wanajua vita na uwindaji kuliko sisi, na bado waliona kuwa kurudi nyumbani mzima ni jambo la kuchekewa kwa furaha. Sisemi woga ni bora kuliko ushujaa. Nasema wazee walikuwa na nafasi ya kuwaza kuhusu mtu aliyekimbia bila kumfuta katika orodha ya watu. Macomber alipokuwa mwoga alikuwa hai. Alipokuwa shujaa, kwa dakika zisizozidi chache, kilio kikamjia, na hakuna aliyelia ila mwanamke ambaye wasimulizi wanamwita muuaji. Mwandishi anasema analia na uso umekunjamana kwa kilio. Anasema pia kwamba kabla ya hapo, alipomwona mumewe amebadilika, Margot alikuwa anaogopa sana kitu fulani. Wote wawili waliogopa, wakiwa gari moja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Ningependa hadithi hii itafsiriwe vizuri kwa Kiswahili, na isomwe darasani pamoja na swali la alfajiri, lile ambalo mke aliuliza na mume akakana. Kijana aambiwe asome hapo polepole. Na asome pia mwisho, pale ambapo video huwa zimekwisha kuzimwa. Mwili umelala kwenye majani, mjane analia. Wilson anakataza bunduki isiguswe, kisha anaagiza aitwe Abdulla, aje ashuhudie jinsi ajali ilivyotokea. Anamtuliza Margot kwamba picha zitapigwa, na kwamba upo ushahidi wa wabeba bunduki na wa dereva. Abdulla hayupo pale. Anaitwa baada ya risasi, aje aone kilichokwisha pangwa aone. Miaka 90 baadaye sisi wasomaji wa Kiswahili tunaitwa namna ileile, tufike mwili ukiwa umelala, tutikise kichwa kuwa ndivyo ilivyokuwa: mwanamke ameua, mwanamume aliponzwa na woga. Mimi nilifika mapema kidogo, usiku, simba akinguruma kando ya mto, na sikuona hivyo.